Nuhusi ya Jumatano katika Mji wa Kale wa Mombasa: Asili na Athari

Makala haya yanachunguza itikadi ya siku za nuhusi katika Mji wa Kale wa Mombasa, hususan Jumatano ya mwisho ya Mfunguo Tano, yaani mwezi wa Safar. Ni rahisi kuiita itikadi hii ushirikina na kuiacha hapo. Kufanya hivyo, hata hivyo, ni kupoteza historia ya namna matini zilivyosomwa katika mji huu.

Neno lenyewe latuelekeza. Nuhusi latokana na nahs la Kiarabu, lililomo katika Sura ya Al-Qamar, aya ya 19, panapoelezwa siku ya upepo uliowaangamiza kina Adi. Aya haitaji siku ya juma. Ni baadhi ya wafasiri waliosema kuwa ilikuwa Jumatano. Basi siku ya adhabu ya kaumu moja ikawa siku ya hofu kwa wote.

Hofu hiyo ilienea katika mwambao wa Bahari ya Hindi, India na Java zikiwamo. Mvita ilikuta hesabu nyingine. Kwa Mwarabu, Jumatano ni siku ya nne na Safar ni mwezi wa pili. Kwa Mswahili, ahesabuye siku tangu Jumamosi na miezi tangu kufungua Ramadhani, zote mbili ni za tano. Nambari zilibadilika, nuhusi ikabaki. Haikusafiri kwa nambari, kama hofu ya kumi na tatu huko Ulaya, bali kwa vitabu na vinywa vya waalimu.

Athari zake zilionekana katika harusi na safari za vyombo, ambazo ziliweza kungoja mwalimu atazame falaki. Kinga nayo ilikuwa maandishi: kombe, yaani aya zilizoandikwa kwa zafarani sahanini, zikaoshwa na kunywewa.

Pingamizi pia lilitoka katika matini. Hadithi iliyopokewa na Bukhari yakanusha itikadi ya safar, ingawa wafasiri walihitilafiana kama neno hilo ni mwezi au ni maradhi ya tumbo. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947), mwanzilishi wa magazeti ya Sahifa (1930) na Al-Islah (1932), naye aliwahimiza Waislamu wa Mombasa waache mila zisizo na msingi katika dini.

Kwa hiyo, mwenye kuogopa Jumatano na mwenye kumkanya wote ni wasomaji. Mzozo wao ni juu ya nani mwenye haki ya kufasiri, na swali hilo ni letu pia sisi wahakiki.