Mimba ya farasi

Mimba ya farasi huchukua siku 340 hivi, ingawa siku 320 hadi 365 ni kawaida. Kwa kuwa tumbo hukawia kuonekana, daktari wa mifugo huithibitisha kwa ultrasaundi kuanzia siku ya 14 hadi 16. Wiki 2 hadi 6 kabla ya kuzaa, kiwele huanza kujaa. Baadaye nyama za kando ya shina la mkia hulegea. Siku chache za mwisho, matone yaliyoganda kama nta huonekana kwenye ncha za chuchu.

Farasi wengi huzaa usiku. Uchungu ukianza, jike hutoka jasho, hulala na kuinuka. Chupa ikipasuka, mtoto hutoka ndani ya dakika 30 hivi, miguu ya mbele ikitangulia. Kondo la nyuma lisipotoka baada ya saa 3, ni dharura.