Kamera Iko Wapi? Mpira wa Gemu kwa Waingereza, kwa Wajapani na Kwetu

Gemu ya mpira hutengenezwa na mtu aliyewahi kuutazama mpira akiwa mahali fulani, na mahali hapo hubaki ndani ya gemu. Nimelishika wazo hili kwa miaka mingi ya kucheza gemu za zamani, za Kiingereza na za Kijapani, kwenye televisheni ileile ya chogo. Sheria za soka ni zilezile 17, wachezaji ni 11 kila upande, lakini gemu za mila hizi mbili hazikubaliani hata juu ya mahali pa kuiweka kamera. Tofauti hiyo ina historia, na sisi wa Afrika Mashariki tumo ndani yake.

Waingereza ndio waliotangulia. Mwaka 1982 Kevin Toms alitoa Football Manager kwa kompyuta ndogo za nyumbani. Kazi ya mchezaji ilikuwa kununua, kuuza, kupanga kikosi, kisha kungoja matokeo. Miaka kumi baadaye ndugu wawili, Paul na Oliver Collyer, walitoa Championship Manager, ambamo mechi nzima husomwa kwa maandishi: fulani amekokota mpira, fulani amepiga, kipa amedaka. Mgeni atashangaa mtu anawezaje kukesha akisoma maneno na majedwali na kusema amecheza mpira. Mwingereza wa wakati ule hakushangaa. Ligi yake haikuonyeshwa moja kwa moja kwenye televisheni kwa utaratibu wa kudumu hadi 1983. Kabla ya hapo alikwenda uwanjani kwa timu yake, usiku akatazama vipande katika Match of the Day, kipindi kilichoanza 1964, na mechi nyingine zote alizipata saa kumi na moja jioni ya Jumamosi, matokeo yakisomwa redioni moja baada ya jingine. Kwake ligi ilikuwa orodha ya majina na namba kabla ya kuwa picha.

Waingereza walipouonyesha uwanja wenyewe, kamera waliipandisha juu. Kick Off ya Dino Dini, ya 1989, ilimtazama mchezaji kutoka utosini, na ilikuwa na ujasiri mmoja ambao gemu nyingi za kabla yake hazikuwa nao: mpira haukunata mguuni. Ukikimbia ovyo unauacha nyuma. Sensible Soccer ya 1992, kazi ya Jon Hare na Chris Yates, ilipanda juu zaidi, hata wachezaji wakawa wadogo kuliko kidole, hawana sura wala misuli. Kitufe kilikuwa kimoja tu. Lakini ukishapiga shuti unaweza kulipinda kwa kuusukuma mkono wa gemu wakati mpira uko hewani, na kwa kuwa unaliona eneo kubwa la uwanja, pasi huzipigi kwa kubahatisha. Hapo ndipo raha yake ilipo: unaona nafasi kabla mwenzako hajaifikia. Ni macho ya mtu aliyekaa ngazi za juu za jukwaa, mbali na nyuso za wachezaji, karibu na umbo la mchezo. Toleo la 1994, Sensible World of Soccer, liliongeza takriban timu 1,500 na wachezaji 27,000, na hapo mapenzi ya majedwali yakakutana na mapenzi ya pasi. Mwaka 2007 jopo la wataalamu waliokusanywa na Henry Lowood wa Chuo Kikuu cha Stanford liliiweka gemu hiyo katika orodha ya kumi zinazostahili kuhifadhiwa kwa umuhimu wake. Mimi ningeiweka hata kama jopo lisingekuwapo.

Japani hali ilikuwa nyingine kabisa. Ligi yao ya kulipwa, J.League, ilianza Mei 1993 tu, na timu yao ya taifa ilifika Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza 1998. Kizazi kilichokuja kutengeneza gemu zao kilikua kikiutazama mpira wa mbali kupitia kioo. Tangu 1968 palikuwa na kipindi kilichoitwa Mitsubishi Diamond Soccer, kilichorusha mechi za Ulaya, hasa za Uingereza, na mechi moja iligawanywa: kipindi cha kwanza wiki hii, cha pili wiki ijayo. Fikiria kijana aliyekaa siku saba akiwaza kama timu iliyo nyuma kwa bao moja itasawazisha. Muda huo wote huufanya mpira kuwa hadithi.

Na hadithi ikaja. Mwaka 1981 Yōichi Takahashi alianza kuchora Captain Tsubasa, katuni ya mtoto anayeupenda mpira kama rafiki. Katika katuni hiyo mchezaji akikokota mpira anakumbuka utoto wake, anabishana na moyo wake, kisha ndipo anapiga. Kampuni ya Tecmo ilipoigeuza kuwa gemu, 1988, haikujaribu kabisa kuiga kasi ya uwanjani. Beki anapokukaribia mchezo unasimama. Unaulizwa: utapiga chenga, utatoa pasi, au utapiga shuti? Kila jibu linakula nguvu za mchezaji, na picha kubwa ya uso wake inajaza kioo. Wapo wanaosema huo si mpira. Nakataa. Kila aliyewahi kusimama na mpira mguuni mbele ya beki anajua kwamba sekunde ile ni ndefu, na Tecmo ndio walioipima kwa urefu wake wa kweli.

Konami walizirithi mila zote mbili za Japani, televisheni na hadithi. International Superstar Soccer ya 1994, na baadaye mfululizo wa Winning Eleven ambao Ulaya waliuita Pro Evolution Soccer, iliiweka kamera pembeni ya uwanja, pale pale inapokaa kamera ya matangazo. Wachezaji wana miili. Beki mnene anageuka kwa hatua tatu wakati winga mwepesi ameshampita. Kampuni haikuwa na haki za majina yote, hivyo katika matoleo mbalimbali Roberto Carlos aliitwa Roberto Larcos, Manchester United wakawa Man Red na Liverpool wakawa Merseyside Red. Katika Master League, sehemu ya gemu ya kuendesha klabu, ulianza na kikosi cha watu wasiokuwapo duniani: Castolo, Minanda, Ximelez. Walikuwa wazito na wabovu, na dunia nzima iliwapenda. FIFA International Soccer ya 1993, iliyotolewa na kampuni ya Marekani, nayo ilianza na majina ya kubuni, lakini kampuni hiyo ilikwenda kununua haki za kila jezi na kila ligi. Konami ilimwachia shabiki ukurasa wa kurekebisha majina mwenyewe, akayahifadhi kwenye memori kadi. Kwangu upungufu huo ulikuwa zawadi kubwa kuliko leseni yoyote, kwa sababu ulimpa mchezaji kazi ya kufanya.

Mashine za nyumbani nazo zilikuwa na neno lao. Sony walipotoa Betamax, mashine ya kanda za video, 1975, kanda yao ilibeba saa moja. VHS ya JVC, mwaka uliofuata, ilibeba saa mbili. Mechi ya dakika 90 pamoja na mapumziko inaingia kwenye ya pili na haiingii kwenye ya kwanza. Hiyo haikuwa sababu pekee ya VHS kushinda, lakini mpenda mpira hahitaji kuelezwa mara mbili. Kisha kuna mfumo wa picha. Japani na Marekani walitumia NTSC, mistari 525 na picha 60 kwa sekunde. Uingereza, Tanzania na Kenya walitumia PAL, mistari 625 na picha 50. Gemu ya Kijapani iliyovushwa bila kurekebishwa ilipungua kasi kwa karibu sehemu moja ya sita, na picha ikabanwa katikati ya mikanda miwili myeusi. Na ukiicheza diski ya Kijapani kwenye televisheni ya PAL tupu, mara nyingi rangi zinapotea: Brazil na Italia zote kijivu.

Hayo ndiyo yaliyokuwa kwetu. Katika vibanda vya Dar es Salaam, Mombasa na kwingineko, Winning Eleven ilifika kwa diski za kunakiliwa, aghalabu menyu zikiwa kwa Kijapani, na vijana wakazishika kwa kuhesabu: shuka mara mbili, bonyeza duara. Sauti ya mtangazaji haikueleweka, basi waliokaa benchi wakisubiri zamu walitangaza wenyewe. Naiona hiyo kuwa mila ya tatu kamili, yenye nasaba yake. Watu wetu wengi waliupokea mpira kwa masikio, kupitia redio, kwa watangazaji kama Leonard Mambo Mbotela wa Kenya na Charles Hilary wa Tanzania. Tanzania Bara haikuwa hata na kituo cha televisheni hadi 1994. Na kanda za filamu zilipoingia kwenye mabanda ya video, walitokea wasimulizi waliozungumza juu ya picha: Lufufu Dar es Salaam, DJ Afro Kenya, VJ Jingo Kampala. Mwingereza aliweka kamera juu, Mjapani akaiweka pembeni, sisi tukaweka sauti juu ya kamera ya mwenzetu. Wabrazili walifanya jambo la karibu na hilo: walizifungua gemu za Konami, wakaingiza timu na watangazaji wao, na Bomba Patch yao ikaishi miaka mingi baada ya PlayStation 2 kuondoka madukani. Vijana wetu leo wanaingiza jezi za Simba na Yanga katika gemu zilezile, kwenye simu.

Tofauti ni kwamba kazi ya Waingereza na Wajapani imeshahifadhiwa, na yetu haijahifadhiwa. Diski za kunakiliwa hupoteza rangi ya kemikali inayobeba data. Kanda za VHS zilizokaa pwani huota ukungu kwa unyevu. Memori kadi zenye vikosi vilivyorekebishwa kwa mkono zinatupwa pamoja na mashine mbovu. Kwa hiyo nakuomba, msomaji. Kama una kanda ya mechi ya ligi, ya filamu iliyosimuliwa, au hata ya vijana wakitangaza gemu kibandani, iweke wima mahali pakavu, mbali na spika, na uandike juu yake tarehe na timu. Tafuta deki inayofanya kazi na mtu wa kuihamishia kwenye kompyuta. Kabla ya yote, vunja kile kidude cha plastiki kilicho ubavuni mwa kanda, ili asije mtu akarekodi kitu kingine juu yake.