Kiwiko kilichopinda: mbona mtoto akikua hakinyooki?

Kama umewahi kuishi Buigiri, wilayani Chamwino, huenda hii si ngeni kwako. Mtoto kapanda mti kufuata ubuyu, tawi limemponyoka, kaanguka akitanguliza kiganja. Mfupa wa mkono wa juu unavunjika pale ulipo mwembamba, juu kidogo ya kiwiko. Mwezi ukipita umeshaunga, na mkono unakunjwa vizuri tu. Ila akiunyoosha, kiganja kinaelekea mwilini. Madaktari wa zamani waliufananisha na kitako cha bunduki.

"Huyu bado mtoto, utanyooka akikua." Umeisikia hiyo, eh?

Basi turudi nyuma kidogo. Kabla Röntgen hajagundua eksirei mwaka 1895, daktari wa Ulaya alipapasa uvimbe na kukisia, kama mganga wetu wa mifupa. Hata picha zilipopatikana, wengi waliendelea kulaumu ukuaji: eti mfupa uliumia, ukakua upande. Picha zilipochunguzwa vizuri, ilionekana kwamba mara nyingi kipande cha chini kiliunga kikiwa tayari kimeinama. Mfupa haukupinda baadaye.

Na kwa nini haujinyooshi? Kwa sababu takriban asilimia 80 ya urefu wa mfupa huo huongezeka upande wa bega. Kwenye kiwiko ni 20 tu.

Mwaka 1959 Gartland, daktari wa Marekani, aliyagawa mavunjiko haya katika madaraja matatu. Mwaka huohuo French alieleza namna ya kunyoosha kiwiko kilichokwisha kupinda: unakata kabari ya mfupa, kisha unaufunga kwa skrubu na waya. Mwaka 1974 Flynn akaeleza njia ya kuzuia kabisa: kuurudisha mfupa mahali pake, kisha kuushikilia kwa pini nyembamba zinazopita kwenye ngozi. Pini hizo zinatumika hadi leo.

Lakini haraka isikufanye ukaze magango. Tangu 1881 Volkmann alionya kuwa misuli ikikosa damu, vidole hujikunja moja kwa moja. Ukiona vidole vimepauka, vina baridi, au mtoto analia ukivinyoosha, legeza bendeji na nenda hospitali saa hiyohiyo.

Kiwiko kilichopinda bado kinarekebishika, ila kwa kukata mfupa upya. Siku za mwanzo kinahitaji picha, mikono yenye ujuzi na pini. Wahenga walishasema: samaki mkunje angali mbichi.