William Fitzwilliam Owen
William Fitzwilliam Owen (Manchester, 1774 – Saint John, New Brunswick, Kanada, 1857) alikuwa afisa wa jeshi la majini la Uingereza na mpimaji wa bahari. Katika Afrika ya Mashariki anakumbukwa kwa kuiweka Mombasa chini ya ulinzi wa Uingereza mwaka 1824 bila idhini ya serikali yake.

Maisha ya awali
Baba yake alikuwa nahodha wa jeshi la majini. Owen alibaki yatima akiwa mtoto mdogo, akajiunga na jeshi hilo mwaka 1788. Mwaka 1808 alitekwa na Wafaransa, akashikiliwa Morisi hadi 1810. Alipandishwa cheo kuwa nahodha mwaka 1811. Baadaye alipima Maziwa Makuu ya Kanada.

Upimaji wa pwani ya Afrika
Kuanzia mwaka 1821 hadi 1826 aliongoza manowari Leven na Barracouta kupima pwani za Afrika. Alirudi na ramani takriban 300. Zaidi ya nusu ya mabaharia alioondoka nao walikufa, hasa kwa homa za kitropiki.

Mombasa
Wakati huo ukoo wa Mazrui uliotawala Mombasa ulikuwa unatishiwa na Seyyid Said wa Omani, ukaomba ulinzi wa Uingereza. Owen, aliyechukia biashara ya utumwa, alikubali Februari 1824 kwa sharti kwamba biashara hiyo ikomeshwe. Mapato ya forodha yangegawanywa nusu kwa nusu, na Mazrui wangeendelea kutawala.

Alimwacha Luteni John James Reitz kuwa mwakilishi, lakini huyu alikufa kwa homa mwaka huohuo baada ya safari ya Pangani. Hori ya Port Reitz ina jina lake. Nafasi yake ilishikwa na Luteni James Emery.

Serikali ya Uingereza haikutaka kumuudhi Seyyid Said, rafiki yake kwenye njia ya Uhindi. Mwaka 1826 Waingereza waliondoka Mombasa, na Mazrui wakabaki peke yao. Mwaka 1837 Seyyid Said aliutwaa mji, na viongozi wa Mazrui walikamatwa na kupelekwa uhamishoni.

Miaka ya mwisho
Kuanzia 1827 Owen alisimamia kituo cha Uingereza kwenye kisiwa cha Fernando Po (leo Bioko, Guinea ya Ikweta). Baadaye alihamia kisiwa cha Campobello, Kanada, akapima Ghuba ya Fundy. Alifikia cheo cha makamu wa admeri.