Kutoka Mahakama ya Mfano hadi Meza ya Suluhu: Mafunzo ya Vitendo kwa Wanafunzi wa Sheria Nchini Uganda

Elimu ya sheria katika Afrika Mashariki ilianza kwa kutazama ng'ambo. Kabla ya mwaka 1961, kijana wa Uganda aliyetaka uwakili kwa kawaida alisafiri hadi London, akajiunga na mojawapo ya vyama vikongwe vya mawakili, ambako kuhudhuria chakula cha jioni kulikuwa miongoni mwa masharti ya kuhitimu. Kamati iliyoongozwa na Lord Denning ilikiri mwaka huo kwamba mafunzo hayo hayakukidhi mahitaji ya Afrika. Oktoba 1961 kitivo cha sheria kilifunguliwa Dar es Salaam kwa wanafunzi 14, kikazihudumia Tanganyika, Kenya na Uganda. Mwaka 1970 Kampala ikapata Kituo cha Uendelezaji wa Sheria (LDC), kinachowaandaa wahitimu kuingia katika uwakili.

Makala haya yanadai kwamba mahali palibadilika, lakini sura ya wakili haikubadilika. Aliendelea kufikiriwa kuwa ni mtu anayesimama mbele ya jaji na kumshinda mwenzake kwa hoja. Zoezi la vitendo lililotukuzwa vyuoni likawa mahakama ya mfano, ambamo mmoja hushinda na mwingine hushindwa.

Vijijini mambo yalikwenda njia nyingine. Mwaka 1964 mahakama za Waafrika ziliunganishwa na mahakama za mahakimu, na suluhu ya wazee ikakosa nafasi rasmi. Ilirudi kupitia mabaraza ya upinzani yaliyoundwa wakati wa vita vya msituni vya Luwero. Mabaraza hayo yalipewa mamlaka ya kuamua mashauri kwa sheria ya mwaka 1988. Sheria ya Mahakama za Mabaraza ya Mitaa ya mwaka 2006 inataja maridhiano, fidia, kuomba radhi na onyo miongoni mwa nafuu zinazoweza kutolewa. Katiba ya mwaka 1995, ibara ya 126, nayo ilikwisha kuziagiza mahakama kukuza maridhiano. Kwa hiyo mwanakijiji asiyesoma alikuwa na uzoefu wa suluhu ambao mhitimu wa sheria hakuwa nao.

Pengo hilo lilianza kuzibwa na kliniki ya msaada wa kisheria ya LDC, iliyoanzishwa mwaka 1998. Katika kliniki ya namna hii mwanafunzi hukutana na mtu asiyeweza kumlipa wakili. Tuchukue mfano wa ndugu wawili wanaogombea kibanja cha marehemu baba yao. Mwanafunzi aliyelelewa na mahakama ya mfano huuliza, "Unadai haki gani?" Swali lenye manufaa zaidi ni, "Unataka iweje baada ya leo?" Hapo ndipo hujitokeza kwamba mdogo hataki ardhi yote, anataka njia ya kufikia kisima, na kaburi la baba lisilimwe. Kusikiliza hadi hapo hakufundishiki kwa mihadhara.

Mwaka 2013 Kanuni za Usuluhishi zilifanya usuluhishi kuwa hatua ya lazima katika mashauri ya madai. Kilichokuwa hiari ya kliniki kikawa kazi ya kila wakili.

Hata hivyo, mafunzo ya kuigiza yana udhaifu ambao haujasemwa vya kutosha. Darasani pande zote mbili ni wanafunzi wenye hadhi sawa. Hakuna anayemwogopa mwenzake, na karibu kila igizo huisha kwa kupeana mikono. Mjane anayekabili mashemeji hana usawa huo. Anaweza kutia saini kwa sababu usiku huo atalala katika boma lao. Panapokuwa na kipigo, jambo linaloshughulikiwa na Sheria ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2010, hatari ni kubwa zaidi. Mtihani wa maandishi hupima kama mwanafunzi anazijua hatua za usuluhishi. Haupimi kama ataona mkono wa mjane ukisita juu ya karatasi, akasimamisha kikao na kulipeleka shauri kwa hakimu.