Chai ya Mufindi

Chai ya Mufindi ni chai nyeusi inayolimwa na kusindikwa wilayani Mufindi, mkoa wa Iringa. Mashamba yake makubwa yamepita mikononi mwa wamiliki kadhaa.

Asili

Wajerumani waliileta chai Tanganyika mwanzoni mwa karne ya 20 na kuijaribu kwanza Amani, katika milima ya Usambara. Uzalishaji wa kibiashara ulianza 1926. Mufindi, kwa baridi, ukungu na mvua zake, iliwavutia walowezi mapema.

Kutoka Brooke Bond hadi Browns

Vita Kuu ya Pili ilipozuka, mashamba ya Wajerumani yalishikwa kama mali ya adui. Ya Mufindi yakaangukia kampuni ya Uingereza, Brooke Bond, iliyoyaendesha kwa jina la Tanganyika Tea Company. Azimio la Arusha la 1967 lilifuatiwa na kutaifishwa kwa mashamba mengi ya mkonge, lakini Brooke Bond ilisalimika. Lonrho, kampuni nyingine ya Uingereza, haikuwa na bahati hiyo: ilifukuzwa nchini mwaka 1978.

Mwaka 1984 Unilever iliinunua Brooke Bond yote duniani, na Mufindi ikaenda pamoja nayo. Kampuni ya hapa ikaja kuitwa Unilever Tea Tanzania. Mwaka 2022 Unilever ilikamilisha kuuza biashara yake ya chai, ekaterra, kwa CVC Capital Partners kwa euro bilioni 4.5. Mnunuzi akaipa jina la LIPTON Teas and Infusions, na mwaka 2024 ikatangaza kuyauza mashamba ya Kenya, Rwanda na Tanzania kwa Browns Investments ya Sri Lanka. Kwa familia nyingi zinazoishi kwa kuchuma chai, bei na masharti ya biashara hizi yalipangwa mbali mno.

Chai Bora

Hii ni chapa ya chai inayofungashwa Mafinga, mji wa wilaya ya Mufindi. Ilikuwa ya Tanzania Tea Packers (TATEPA), iliyoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 1999, kisha TransCentury ya Kenya, kisha Catalyst Principal Partners ya Nairobi.

Rungwe

TATEPA ilihusika pia nje ya Mufindi, wilayani Rungwe, mkoani Mbeya. Huko viwanda vya chai vya Katumba na Mwakaleli vilikuwa vya Mamlaka ya Chai Tanzania. Vilipobinafsishwa vilichukuliwa na Wakulima Tea Company, ambamo TATEPA ilipata hisa nyingi na chama cha wakulima wadogo wa Rungwe sehemu iliyobaki. Kati ya mauzo yote yaliyotajwa hapa, ni haya tu yaliyomfanya mkulima kuwa mwenye hisa.