Kitajajina: ngao inayoutaja mji wake

Ngao ya mji wa Loches, Ufaransa, ina samaki sita. Ni samaki weupe kwenye uwanja mwekundu, na juu yao umelazwa mkanda mpana wa buluu wenye mayungiyungi matatu ya dhahabu. Mtu aliyekua akiitazama nembo ya Tanzania, ile tunayoiita Bibi na Bwana, ataijia ngao hii na swali alilofundishwa tangu shule ya msingi: kila kitu hapa kina maana gani? Kwetu sehemu nyekundu ni rutuba ya udongo, mawimbi ni bahari na maziwa, karafuu na pamba ni mazao. Basi samaki sita, bila shaka, ni uvuvi.

Sivyo. Loches ni mji mdogo wa watu 6,000 na ushei, kando ya mto Indre, na sifa yake ni ngome ya mawe, wala si nyavu. Samaki wamewekwa pale kwa sababu moja tu: kwa Kifaransa wanaitwa loche. Jina la mji na jina la samaki hutamkwa sawasawa, "losh", ile s ya mwisho ikimezwa. Ukimwona samaki ukamtaja, umeshautaja mji.

Mwenyewe samaki hana makuu. Ana urefu wa sentimita kumi hivi, huishi chini kabisa kwenye changarawe za vijito, ana sharubu sita mdomoni. Ukimtazama utadhani ni mtoto wa kambale. Hakuna mfalme ambaye angemchagua kwa ajili ya ushujaa wake. Amechaguliwa kwa sauti.

Wafaransa wana istilahi ya ngao za namna hii: armes parlantes. Nilipokutana nayo mara ya kwanza katika kazi ya kutafsiri, niliandika "ngao zinazosema", nikaridhika. Baadaye niliona kwamba nimempoteza msomaji. Ngao zote zinasema. Simba anasema nguvu, taji linasema ufalme, na hata mstari mtupu unasema kwamba mwenye nao si jirani yake. Msomaji akiambiwa "ngao inayosema" atarudi kule kule kutafuta maana iliyofichika: samaki ni Ukristo, weupe ni usafi, sita ni sijui nini. Wako wengi wanaotunga maelezo ya namna hiyo na kuyauza kama siri za wazee. Ngao ya Loches haina siri. Ina jina.

Ndiyo maana napendekeza neno kitajajina. Limeundwa kwa njia ambayo Kiswahili kimeitumia siku zote: kitenzi kikifuatwa na nomino, mbele kikatangulizwa ki-, kama tulivyopata kifunguakinywa na kitindamimba. Kifunguakinywa hufungua kinywa. Kitajajina hutaja jina. Wingi wake ni vitajajina, na linaweza kusimama peke yake au likafuata ngao: ngao kitajajina. Faida yake kubwa ni kwamba linamwambia msomaji kazi yenyewe, tena linaweka mpaka. Picha hii haisimulii historia ya mji wala haisifu tabia za watu wake. Inataja, basi.

Anayetaka mfano wa nyumbani afikirie mji wa Tanga. Mtu akichora ngao, akaweka tanga la jahazi katikati, bila herufi hata moja, kila anayejua Kiswahili atausoma mji huo papo hapo. Wala hatahitaji kwanza kujua kama kweli jina la mji limetokana na tanga la chombo. Sauti imetosha. Mpelekee picha hiyo hiyo mtu wa Loches, naye ataona chombo cha baharini, aseme huu ni mji wa mabaharia. Atakuwa amekosea kama sisi tulivyokosea kwa samaki.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Kitajajina hakidai kujua asili ya jina. Loches inatajwa katika maandishi ya Kilatini ya Gregory wa Tours, askofu wa karne ya 6, anaposimulia habari za mtawa Ursus aliyejenga nyumba ya watawa hapo na kuweka kinu cha maji mtoni ili wenzake wapumzike kusaga kwa mikono. Wakati huo Kifaransa chenyewe kilikuwa hakijazaliwa. Jina lilikuwepo kwanza, samaki wakaja baadaye sana, pale masikio ya watu yalipoyasikia maneno mawili kuwa moja. Umbali wa kilomita 40 hivi, Tours yenyewe ilifanya vivyo hivyo: ngao yake ina minara mitatu, kwa kuwa mnara ni tour, ingawa jina la mji limetoka kwa watu wa kale walioitwa Waturoni. Na Lille, ambayo jina lake asili yake ni "kisiwa", ilijichorea yungiyungi, lys. Katika yote matatu mchoraji aliuliza jina linasikikaje, hakuuliza limetoka wapi.

Mchezo huu ulikuwa na kazi ya maana. Mji ulipotia muhuri wa nta kwenye hati, wengi walioushika muhuri huo hawakujua kusoma, lakini samaki walimjua. Baadaye dola ikaugeuza kuwa mradi wa fedha. Mwaka 1696 mfalme Louis XIV aliamuru nembo za ufalme wote ziandikishwe kwa malipo. Zaidi ya laki moja ziliingizwa vitabuni, na wasiopeleka zao wakabuniwa nyingine na makarani. Karani mwenye haraka, mbele ya jina la mtu asiyemjua, akashika kilicho karibu: akachora jina.

Kurudi kwenye ngao yetu, kuna sehemu ambayo si kitajajina: ule mkanda wa buluu. Wafaransa huuita chef, neno lililotokana na Kilatini cha "kichwa", nasi tuuite kichwa cha ngao. Mayungiyungi ni ya wafalme wa Ufaransa. Mfalme Philippe Auguste aliutwaa mji mwaka 1205, na mwaka 1429 shujaa Jeanne d'Arc alimfuata hapo Charles VII kumsihi aende Reims kutiwa taji. Samaki wanataja mji. Kichwa kinamtaja bwana wake.

Lakini kichwa hicho kina tatizo la kisheria. Elimu ya nembo hugawa rangi makundi mawili: metali, yaani dhahabu na fedha, na rangi zenyewe, kama nyekundu, buluu na nyeusi. Rangi haiwekwi juu ya rangi, kwa kuwa kwa mbali hazitofautiani. Buluu juu ya nyekundu ni kosa. Mafundi wakapata njia: wakasema kichwa hakikuwekwa juu ya uwanja, kimeshonewa ubavuni mwake, pindo kwa pindo. Wanakiita chef cousu. Kwa hili Kiswahili hakihitaji kuhangaika. Fundi cherehani yeyote ataelewa kichwa cha kushonea, na atajua kwamba si kiraka.

Nguo imenifaa mara mbili. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Nilitamani kuuita uwanja wa ngao "mji", kama tuitavyo sehemu ya kati ya kanga, ila katika makala ya ngao za miji neno hilo lingeleta vurugu. Jina ndilo nililobaki nalo, na ndilo lililonipa kitajajina: kanga isiyo na jina watu huigeuza geuza wakilitafuta.

Sasa maelezo ya ngao ya Loches kwa Kiswahili nayaandika hivi: uwanja mwekundu, loche sita wa fedha; kichwa cha kushonea cha buluu, chenye mayungiyungi matatu ya dhahabu; kitajajina. Kuna aliyenishauri niandike "kambale wadogo" ili msomaji aone picha vizuri zaidi. Nimekataa. Kambale wangeonekana vizuri, na mji usingetajwa.